Nyuki wataniharibia mbegu za alizeti? Jibu kwa dada wa Ikungi

Dada yangu, salama? Swali lako nimelisoma mara tatu maana ndani yake kuna maswali kama manne, acha niliweke kwa ufupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Mpo Ikungi, Singida, wewe na mumeo na watoto na mama mkwe, mna ekari 5, mizinga 12 ya top bar (ya viunzi, yaani vile vijiti vya juu ambavyo nyuki wanajengea masega) lakini ni 5 tu ndo ina nyuki. Msimu unaokuja mnataka ekari zote 5 ziwe alizeti ya mbegu, muuze mbegu badala ya kuwapelekea wakamuaji wa mafuta. Sasa kuna mtu kawaambia nyuki wanachanganya mbegu, mizinga itoke shambani. Mama mkwe naye anataka itoke kwa sababu mjukuu wake aliumwa mpaka uso ukavimba. Unauliza itoke au ibaki.

Jibu langu: kwa ajili ya mbegu, mizinga ibaki. Kwa ajili ya mjukuu, isogezwe. Hayo ni mambo mawili tofauti na ukiyachanganya utafanya uamuzi mbovu.

Tuanze na mbegu maana ndo hela yenyewe ilipo.

Aliyekwambia nyuki wanachanganya mbegu hajadanganya, ila kaishia nusu ya habari. Nyuki anabeba tu chavua, ule unga wa njano wa maua, hana ya kwake. Anaitoa kwenye ua hili anaipeleka ua lile, na huwa anatembea mpaka kilomita 3 na wakati mwingine zaidi kama karibu hakuna chakula. Kwa hiyo chavua ngeni inatoka kwa jirani aliyepanda alizeti aina nyingine. Ukiondoa mizinga yako 5 bado kuna nyuki wa porini kwenye mibuyu na migunga, kuna mizinga ya watu wengine, kuna nyuki wadogo wasiouma, wote watakuja tu. Yaani utakuwa umepoteza nyuki wako na chavua ya jirani inaendelea kuingia kama kawaida.

Alafu utapata hasara ya pili. Nenda kwenye shamba lililochanua asubuhi kama saa 3 hivi, shika kichwa kimoja uangalie kwa karibu. Lile unaloliita ua moja ni vijiua vidogo vidogo zaidi ya elfu moja vimepangwa kwa duara, vinafunguka kuanzia pembeni kuja katikati, safu chache kila siku, kichwa kizima kinachukua kama siku 5 mpaka 10 kumaliza. Kijiua kikifunguka siku ya kwanza kinatoa chavua, utaona unga wa njano umesimama juu. Kesho yake ndo kinatoa ule ulimi uliogawanyika mara mbili, unaopokea chavua. Na kwenye hizi aina zetu zisizo chotara mmea mara nyingi unaikataa chavua yake wenyewe, unataka ya mmea mwingine. Sasa nani atembee kutoka kichwa hiki kwenda kile? Upepo haufai sana maana chavua ya alizeti ni nzito na inanata. Ni nyuki. Shamba lisilo na nyuki wa kutosha utaliona wakati wa kuvuna, vichwa vikubwa vinapendeza, ukipura unapata mapepe, maganda matupu, hasa pale katikati. Kipimo kinachotumika sana ni mzinga 1 mpaka 2 yenye nyuki wengi kwa ekari moja, kwa hiyo mizinga yako 5 kwa ekari 5 ndo inagusa kile kiwango cha chini tu, hujazidisha.

Sasa chavua ya jirani tunaifanyaje? Hapa nakuomba usome taratibu.

Mbegu mnayotaka kuzalisha bila shaka ni ile ya kuazimiwa ubora, wengi mnaiita QDS, ndo inayomfaa mkulima mdogo. Unajisajili TOSCI, ile taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, unaanza na mbegu ya msingi au iliyothibitishwa yenye risiti na lebo, siyo ya kuchota kwenye gunia la mwaka jana, na shamba lako linakaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa, wilayani huwa yupo. Kuuza mbegu kienyeji tu kwenye mifuko ya rambo huku unaiita mbegu bora ni kosa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, usianze hivyo hata kama jirani anafanya. Mauzo ya QDS pia yana mipaka ya eneo, siyo ya kusambaza nchi nzima, muulize mkaguzi mpaka wako unaishia wapi kabla hujaahidi mtu wa mkoa mwingine. Na chagua aina isiyo chotara, kama Record, achana na hibridi, hiyo ukivuna ukapanda tena watoto wake hawafanani na mama.

Mkaguzi atakachouliza mapema kabisa ni umbali kati ya shamba lako na alizeti nyingine. Umbali rasmi atakupa yeye kulingana na daraja la mbegu, ila mimi sishuki chini ya kilomita 1, na nikipata zaidi nafurahi. Sasa Singida nzima inalima alizeti dada yangu. Ekari 5 zako zimezungukwa na nani? Chukua pikipiki au tembea, zunguka pande zote nne kilomita 1, andika kila mwenye shamba na alipanda nini. Usiruke hata maua ya urembo uani kwa watu. Msimu wangu wa kwanza, huko upande wa Manyoni, nilizunguka mashamba yote nikaona niko vizuri, mkaguzi alipokuja akatembea mpaka korongo la nyuma akakuta maotea, alizeti zilizojiotea zenyewe kwa mbegu zilizodondoka mwaka wa nyuma, kama mimea 30 hivi imechanua vizuri kabisa kwenye unyevu. Alafu nyuma ya nyumba moja watoto walikuwa wamepanda alizeti zenye mistari kuzunguka choo. Nikabishana naye kwamba mbona mimea yenyewe michache. Akalikataa shamba lote, ikauzwa kwa mafuta.

Nilichofanya baada ya hapo ndo kosa lililoniuma zaidi, na hili nalisema wazi ili usilirudie. Kuna viroba viwili nilibakiza, mbegu nilizitazama nikaona ni nyeusi zote, safi, hazijachanganyika, nikampa mtu apande. Mwaka uliofuata akaniita shambani kwake. Mimea mingine mirefu mingine mifupi, mingine ina matawi na vichwa vinne vinne vidogo kama ngumi ya mtoto. Nikamrudishia hela yake na nikamlipa na gharama ya kulimia. Nilikuwa sijui kwamba lile ganda la mbegu ya alizeti ni mwili wa mama, rangi yake inatoka kwa mama peke yake. Baba akiwa mgeni hutamuona kwenye ganda unalovuna mwaka huu, utamuona kwenye mimea ya mwaka kesho, shambani kwa mteja. Kwa hiyo usimuamini mtu anayekwambia "mbegu zangu safi, angalia rangi." Ulizia umbali.

Ukishazunguka utajikuta kwenye hali moja kati ya tatu.

Kama ndani ya hiyo kilomita hakuna alizeti, una bahati kubwa, endelea.

Kama kuna majirani wawili watatu hadi saba, njia ninayoipenda kuliko zote ni kuwafanya wapande aina hiyo hiyo unayopanda wewe. Kaa nao kabla ya mvua, Oktoba hivi, kila mmoja mpatie mbegu kutoka lebo ile ile, kwa mkopo wa kulipa kwa alizeti baada ya mavuno au hata bure. Usione unapoteza, hesabu yake ndogo, ekari moja inataka kama kilo 3, ukigawa ekari 10 ni kilo 30. Hapo nyuki wakienda kwa jirani wanarudi na chavua ya ukoo mmoja. Jirani anapata mbegu nzuri, wewe unapata usalama. Mimi nimekaa na majirani wangu hivi miaka mingi, na kikao tunafanyia kwa mwenyekiti wa kitongoji ili kila mtu awe shahidi. Anayekataa muombe mpishane muda, mmoja apande Desemba mwingine mwishoni mwa Januari, ili maua yasikutane. Pishaneni wiki 4 kamili, siyo siku 10. Ila mvua zetu za msimu mmoja zinabana hiyo nafasi, anayechelewa anaweza kukosa maji kabla mbegu hazijajaa, ndo maana kupishana naweka nafasi ya pili.

Kama umezungukwa na watu 40 na kila mmoja ana mbegu yake, acha alizeti ya mbegu. Lima alizeti ya mafuta, nyuki wako watakushukuru, na mbegu zalisha mazao yanayojichavusha yenyewe, choroko au karanga au kunde. Karanga inataka mita chache tu kutoka kwenye karanga nyingine, ua lake linamaliza kazi kabla halijafunguka vizuri, nyuki hana nafasi ya kuharibu. Kasoro ya karanga ni kwamba ekari moja inataka mbegu nyingi na inazaa kidogo kidogo, lakini ndo sababu wakulima kila mwaka wanaitafuta. Mbaazi usijidanganye nayo, wengi wanadhani ni kama maharage, kumbe nyuki wanaichanganya sana.

Kuhusu ekari zote 5, mimi nakataa. Chukua karatasi. Nafasi ya sm 75 kwa 30 inakupa mimea kama 18,000 kwa ekari. Tuseme umeng'oa mibaya, ndege wamekula, umepepeta na kuchambua ukabaki na kilo 300 tu za mbegu nzuri. Kwa kilo 3 kila mteja wa ekari moja, hizo zinapanda ekari 100. Ekari moja yako inalisha ekari 100! Sasa ekari 5 ni wateja wa ekari 500, unao? Mbegu ya alizeti ina mafuta ndani, haikai miaka kama mtama, ikilala msimu mmoja mahali pa joto uotaji unashuka. Anza na ekari moja katikati ya eneo lako, nyingine 4 panda aina hiyo hiyo ila uza mafuta, hizo 4 ndo zitakuwa ukuta wako dhidi ya chavua ya nje, maana nyuki wanaoingia kutoka mbali wanajifutia kwanza kwenye zile za pembeni. Nayo ekari ya katikati inakuwa ndogo kiasi kwamba wewe na mumeo mnaweza kuipitia mstari kwa mstari kila asubuhi.

Na huko kuipitia hakukwepeki. Anza vichwa vikiwa bado vimefumba kama ngumi. Mmea wenye matawi ng'oa, mrefu kupita wenzake ng'oa, uliotangulia kuchanua peke yake ng'oa, uwe umetoka kabla haujatoa unga wa njano. Ukisubiri uone kama ni mamluki kweli, umeshachelewa, nyuki ameshapita. Watoto wakubwa wana macho mazuri kwa kazi hii kuliko sisi.

Dawa za wadudu maua yakiwa wazi hapana. Kama funza wamezidi na lazima upulize, basi jioni kabisa nyuki wakisharudi, na majirani wa kile kikao wakubaliane hivyo hivyo, maana dawa ya jirani inaua nyuki wako.

Kukausha na kuhifadhi nitapita haraka. Vichwa vikigeuka njano nyuma na kuanza kahawia kata, anika, pura taratibu usipasue maganda, mbegu usianike juu ya bati wala kwenye turubai linalochoma mkono. Ile njia ya chumvi kavu kwenye chupa, ukitikisa chumvi ikinata kwenye kioo mbegu bado mbichi, ni nzuri ila inakwambia tu kama unyevu uko juu au chini ya asilimia 15, na mbegu ya alizeti inatakiwa ishuke mpaka 9 au chini, kwa hiyo tafuta kipima unyevu, kwenye chama cha ushirika au kwa afisa ugani huwa hakikosi. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inafaa, ila ukiingiza mbegu mbichi umezichemsha. Na usishtuke ukipima uotaji wiki moja baada ya kuvuna ukapata 40 kati ya 100, alizeti mpya inalala usingizi, rudia baada ya miezi miwili.

Sasa nyuki. Mizinga 7 haina kitu, unasema mmeipaka mafuta machafu ya gari ndani na nje ili mchwa wasiile. Dada, sababu umeitaja mwenyewe. Nyuki anaongozwa na harufu. Miguu na waya pakeni mafuta au grisi kuzuia sisimizi na siafu, hiyo ni sawa kabisa, lakini ndani isiingie kitu zaidi ya nta na gundi ya nyuki. Hiyo 7 ikwanguliwe ndani, ibabuliwe kwa moto wa nyasi kidogo, iachwe juani wiki kadhaa, alafu kila kiunzi kichorewe mstari wa nta safi katikati kwa chini. Pima na upana wa viunzi, kwa nyuki wetu ni milimita 32. Fundi wa mtaani akikukatia 38 au 40 nyuki watajenga masega ya kukatisha viunzi viwili vitatu, ukija kuvuna unavunja kila kitu, majana (watoto wa nyuki) yanamwagika, nyuki wanahama. Na mzinga mpya usiuache tupu shambani mwaka mzima, nondo na mijusi watahamia. Utundike kwenye mti wenye kivuli kipindi maua ya porini yanaanza, maji yakiwa karibu, makundi yanatafuta nyumba wakati huo. Nyegere kama wapo kwenu, waya uwe mrefu na mzinga ubembee.

Wakati wa kuvuna usimalize. Nimeona familia inakomba mzinga wote Juni, kiangazi kikija nyuki wanaondoka, alafu wanasema eneo lina mkosi. Mizinga mingi ina viunzi 24 mpaka 28, vya asali viko mbali na mlango. Chukua vilivyozibwa angalau robo tatu ya sega, na viunzi vya asali karibu na majana waachie. Sega ambalo halijazibwa lina maji, asali ikipita asilimia 20 ya maji inachacha kwenye ndoo.

Kitu kimoja utakutana nacho ukilima alizeti ukutane nacho ukiwa umejiandaa. Asali ya alizeti inaganda haraka sana, wiki chache tu na chupa nzima inakuwa kama samli. Mteja wa mjini akiona hivyo anasema umeweka sukari. Kwa hiyo ile inayotoka wakati alizeti imechanua, Machi na Aprili, ivune na uiweke peke yake, uiuze kwenye vikopo vya mdomo mpana na umwambie mteja mapema kwamba itaganda na ni ya alizeti, wanaoijua wanaipenda kupaka kwenye mkate. Ya miombo na migunga inayokuja baadaye ndo uijaze kwenye chupa. Akitaka ya kumiminika weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, isichemke, ukichemsha umeua harufu yake yote.

Nimalizie kwa mama mkwe, na kwa kweli yeye yuko sahihi. Mizinga iko hatua 40 kutoka jikoni, hao ni nyuki wa Afrika, hapo ni karibu mno. Tafuta mahali mita 200 au 300 kutoka nyumbani, pawe mbali pia na njia ya watu, kisima na zizi, pembeni ya shamba lenu siyo katikati, ili wapaliliaji wasipite mbele ya milango, na pawe na miti au vichaka vya kuwafanya waruke juu. Shida ni kwamba ukiusogeza mzinga mita 250 tu, kesho yake nyuki wote wazima wanarudi pale pale jikoni wanatafuta nyumba, na hapo ndo watauma watu kweli. Fanya hivi: usiku nyuki wakishalala, ziba mlango kwa wavu wa kupitisha hewa, peleka mizinga 5 kwa ndugu aliye kilomita 5 au zaidi, kaa nayo wiki 3, alafu irudishe usiku moja kwa moja kwenye sehemu mpya. Fanya kabla ya mvua, makundi yakiwa mepesi na masega hayana asali nyingi ya kukatika njiani. Kuna kundi linaweza kukasirika likahama, kubali, mizinga ile 7 itakuwa imeshasafishwa inasubiri.

Mjukuu na watoto wote wafundishwe kukimbia wakiumwa, wasisimame kupiga piga, wakimbilie ndani kwenye giza, na mwiba utolewe kwa kuukwangua na ukucha haraka bila kuuminya. Aliyevimba uso akiumwa tena akaanza kukosa pumzi au kutapika, hospitali hapo hapo, usisubiri. Siku ya kuvuna iwe jioni, mwambie kila mtu kuanzia mchana, bomba la moshi liwe limewaka vizuri kabla hujagusa mzinga. Na mbuzi wa mama wafunguliwe kamba siku hiyo wapelekwe upande mwingine. Mimi nilimpoteza mbuzi mwenye mimba aliyekuwa amefungwa kwenye mti mita 60 kutoka mzingani, alikuwa hana pa kukimbilia, na nilimsikia akilia huku siwezi kumsogelea.